Wa mjini na wa masafa: ugomvi wa madereva wa malori unaanzia getini, si barabarani

Msukani (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam.

Nimeendesha lori la masafa marefu kwa miaka 9, kisha nikahamia usambazaji wa mjini, ambako sasa namalizia mwaka wa 6. Naleta uzi huu kwa sababu kila wanapokutana madereva wawili wa malori, mmoja wa masafa na mwingine wa mjini, haipiti nusu saa kabla ya swali lile lile kuibuka: dereva wa kweli ni yupi? Wa masafa atasema mwenzake ni mtu wa kugawa vifurushi, analala kwake kila siku na hajui mlima ukiwa na tani 40 mgongoni. Wa mjini atajibu kwamba kushika usukani ulionyooka kutwa nzima si kazi ya kujivunia, na kwamba mtu wa masafa ukimwingiza kwenye uchochoro wenye magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, atashuka na kuanza kutafuta wa kumwelekeza. Maneno hayo yote mawili nimeyatamka kwa kinywa changu, kila moja kwa wakati wake, na nyakati zote mbili niliamini nasema kweli.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba ugomvi huu hauzaliwi barabarani. Unazaliwa getini mwa ghala, katika saa ambazo hakuna anayezilipia. Nitalifikia hilo, ila kwanza nizipe kazi zote mbili haki yake, maana anayedharau mara nyingi ni yule ambaye hajaiona kazi ya mwenzake kwa karibu.

Lori la tani 40 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa limebeba nishati ya megajuli 12.5 hivi. Lori la mjini la tani 12 likienda kilomita 50 kwa saa lina megajuli 1.2, yaani haifiki hata sehemu moja ya kumi. Barabara ikiwa tambarare tofauti hiyo huioni. Utaiona mteremkoni. Kwenye mteremko wa asilimia 6, lori lile la tani 40 likishuka kwa kilomita 60 kwa saa, uzito wake unalisukuma kwa nguvu ya takriban kilowati 390. Kiasi kidogo kinamezwa na tairi na upepo, na kilichobaki lazima kigeuke kuwa joto mahali fulani. Breki za magurudumu haziwezi kulimeza joto hilo peke yake kwa dakika nyingi. Ndiyo maana dereva anayeijua kazi yake hushusha gia kabla ya kufika kileleni, akaiachia breki ya injini kazi kubwa, na pedali akaigusa kwa vipindi vifupi tu.

Mimi nililijifunza hilo usiku mmoja, kwenye mteremko mrefu wenye kona nyingi, nilipochelewa kushusha gia kwa sababu nilikuwa najibu simu ya ofisi iliyotaka kujua nitafika saa ngapi. Harufu ya breki zinazoungua ilianza kuingia kibandani, na pedali, ambayo huijua kwa unyayo kama unavyoijua ngazi ya nyumbani, ikawa inakwenda chini zaidi kila nikiigusa. Nilifanikiwa kusimama kwenye uwazi wa pembeni. Nikashuka na kukaa juu ya jiwe kwa muda wa saa nzima nikitazama moshi ukitoka kwenye magurudumu ya trela. Sikumwaga maji, kwa sababu ngoma ya breki iliyopata moto ikipozwa ghafla inaweza kupasuka. Simu ililia mara nyingine mbili. Sikuipokea.

Halafu kuna usingizi. Kwa kilomita 90 kwa saa, lori linapita mita 25 kila sekunde. Kope zikifumba kwa sekunde 4, umekwenda mita 100 bila dereva. Saa mbaya zaidi ni kuanzia saa 8 usiku hadi karibu na alfajiri, na hakuna kahawa wala muziki unaoushinda mwili katika saa hizo.

Sasa tuje mjini. Niliposhuka kwenye trela na kupewa lori fupi la usambazaji, nilidhani nimepewa likizo. Siku ya kwanza nilikuwa na vituo 20. Katika kila kituo nilishuka kibandani nikapanda bodi, nikashuka bodi nikapanda kibandani. Fanya hesabu, nilipanda mara 40 kabla jua halijazama, na magoti yangu yakanieleza usiku huo kwamba miaka 9 ya kukaa haikuyaandaa kwa kitu chochote. Mizigo nilikuwa nimeipanga kwa macho ya mtu wa masafa, vizito mbele, vyepesi nyuma, vyote vimefungwa vizuri, bila kukumbuka kwamba kinachoshuka kwanza hupakiwa mwisho. Kituo cha tatu kilinilazimu kuteremsha nusu ya shehena kwenye ukingo wa barabara ili nifikie makasha mawili.

Kuna jambo jingine ambalo wa masafa hulisikia kwa mara ya kwanza akiwa mjini. Ukishusha mzigo wa nyuma ya ekseli ya mwisho (ekseli ni ule mhimili unaoshika magurudumu), ule uliokuwa unaisaidia pua ya lori kuinuka, uzito uliobaki unalalia mbele. Lori lililopita mizani asubuhi bila tatizo linaweza kufika kituo cha tano likiwa limezidisha ekseli ya mbele, ingawa mzigo wote umepungua. Kwa hiyo dereva wa mjini anapiga hesabu ya uzito upya kila anapofunga mlango, na anaipiga kichwani, huku mtu nyuma yake akipiga honi.

Basi hizo ni kazi mbili tofauti, na zote ni ngumu. Kwa nini wenyewe wachukiane? Tazameni jinsi zinavyolipwa. Wa masafa, katika nchi nyingi, hulipwa kwa kilomita au kwa safari. Wa mjini hupimwa kwa vituo alivyomaliza. Vipimo hivyo viwili havifanani, lakini vina tundu moja: hakuna kinachohesabu kusubiri. Na mahali ambapo wote wawili husubiri ni pale pale, kwenye ghala ambako trela la usiku linashusha na malori ya mjini yanapakia.

Trela linafika saa 9 usiku. Mlinzi anasema mlango wa kushushia hauna nafasi. Saa 11 alfajiri malori ya mjini yanaanza kujipanga, yakiukuta ule mlango pekee uliofunguka umezibwa na trela ambalo mtu wake amelala usingizi wa pono. Wa mjini anaona mzembe aliyelala mlangoni huku vituo 20 vikimsubiri. Wa masafa anaona watu waliolala vitandani mwao wakimgongea kioo saa moja tu baada ya yeye kufumba macho. Karani, ambaye ndiye aliyepanga wote wafike kwa pamoja, yuko ndani anakunywa chai, wala hakuna anayemtukana yeye.

Ningependa kusikia maoni ya pande zote mbili.

Mkia wa Trela

Ndugu Msukani, nimekusoma hadi mwisho, na mengi nakubaliana nawe, ila umepita haraka mno juu ya jambo ambalo kwetu sisi wa masafa ndilo lenyewe. Si mlima, na hata usingizi si kitu. Ni kutokuwepo. Nimekosa mazishi ya mjomba wangu kwa sababu nilikuwa siku tatu mbali na nyumbani, na mwanangu wa kwanza alijifunza kutembea kati ya simu mbili. Dereva wa mjini anaponiambia amechoka, nakubali kwamba amechoka, lakini uchovu wake ameupeleka nyumbani, akaulaza kitandani kwake. Wangu unalala nyuma ya kiti, kwenye godoro lenye upana wa mabega yangu, injini ya jirani ikinguruma usiku kucha. Umoja wa Ulaya wenyewe uliona tatizo hili, na tangu mwaka 2020 sheria yao imeandikwa wazi kwamba pumziko la wiki la saa 45 au zaidi haliruhusiwi kupitishwa kibandani mwa lori. Hiyo ni sheria yao. Sehemu kubwa ya dunia bado tunalala humo humo.

La pili ni adabu ya barabarani, na hapa sitamung'unya maneno. Trela likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanaingia ndani ya kona, tena kwa mita kadhaa kama kona ni kali. Kwa hiyo lazima nitoke nje kwanza, nichukue njia ambayo si yangu, ndipo nirudi. Ni nani anayejipenyeza kwenye ile nafasi niliyoiacha? Si mwenye gari dogo, huyo nimemsamehe kwa kuwa hajui. Ni dereva wa lori la usambazaji, mwenye leseni, anayejua fika kinachokwenda kutokea, lakini ana vituo vyake. Vivyo hivyo kwenye barabara kuu: ile nafasi ninayoiacha mbele yangu ni breki yangu, si maegesho ya mtu.

Kuhusu kulala mlangoni, nasema wazi kwamba nimefanya hivyo na nitafanya tena. Ukiniweka macho saa 4 ukinisubirisha, usitarajie niamke nikitabasamu.

Shusha Pakia

Kaka Mkia wa Trela, pole kwa msiba wa mjomba, nasema kwa moyo. Lakini naomba unisikilize na mimi, kwa sababu huo usemi wa "kulala nyumbani" nimechoka kuusikia. Mimi ni mama wa watoto wawili na huu ni mwaka wangu wa 8 katika usambazaji. Natoka nyumbani saa 10 alfajiri wakiwa wamelala. Narudi usiku wakiwa wamelala. Kitanda ninacho, sikatai. Watoto nawaona Jumapili, kama wewe tu.

Niwaeleze kituo kimoja tu, cha juzi, ili muone. Duka lipo kwenye barabara isiyo na mahali pa kusimama lori. Nikisimama mbele ya mlango, naziba njia. Nikisimama mbali, navuta paleti ya kilo 600 kwa jeki ya mkono juu ya lami yenye mashimo. Nikaamua kurudi nyuma kwenye uchochoro wa upande wa pili. Kioo cha kulia kilikuwa karibu na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, na cha kushoto kilikuwa kinamwonyesha kijana wa pikipiki aliyeamua kwamba lori linalorudi nyuma ni fursa ya kupita. Nikasimama. Akapita. Nikaanza tena, akaja wa pili. Kurudi nyuma mita 15 kulinichukua dakika 11. Mteja, mzigo ulipofika mlangoni, akasema risiti haina muhuri, nirudi kesho. Paleti ile ile ya kilo 600 nikairudisha.

Halafu sheria za saa za kuendesha zimeandikwa kana kwamba uchovu unakaa kwenye usukani peke yake. Ulaya wanataka dakika 45 za kupumzika baada ya saa 4 na nusu za kuendesha. Mimi siku nzima naendesha saa 4, nyingine 8 nabeba, navuta, nabishana. Kwa kipimo hicho, sijachoka hata kidogo.

Na kuhusu anayejipenyeza kwenye kona: kweli wapo, nami huwalaani. Ila nanyi mje na maelezo juu ya kuleta trela la mita 16 na nusu kwenye mitaa iliyojengwa kwa ajili ya mikokoteni. Jiji la London liliweka kanuni ya malori yanayozidi tani 12 kupimwa kwa nyota kulingana na kiasi dereva anachoweza kuona moja kwa moja kupitia madirisha ya kibanda, na tangu Oktoba 2024 lori lisilofikisha nyota 3 halipiti bila vifaa vya ziada vya usalama. Walifanya hivyo kwa sababu vibanda virefu vya barabara kuu havimwoni mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli aliye chini ya kioo.

Gia ya Mwisho

Wakuu, mnazunguka mbuyu. Kurudi nyuma na lori fupi ni sawa na kurudi nyuma na gari dogo lililonenepa: unapogeuza usukani, ndipo mkia unapokwenda. Kwenye trela mkono unakwenda kinyume, na ukichelewa kidogo tu kulifuata, linajikunja mbele ya macho yako. Anayeweza la pili anaweza la kwanza. Kinyume chake hakipo. Huo ndio mwisho wa mjadala kwa upande wangu.

Shusha Pakia

Ndugu Gia ya Mwisho, tunaomba basi uje uchochoroni uonyeshe. Lete na trela lako. Mwanzilishi wa uzi ameandika juu kabisa kwamba yeye aliyaweza ya barabara kuu na bado kituo cha tatu kilimshinda siku ya kwanza.

Na kwa kuwa tumefika huko: ni nani anayetuharibia lami? Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois nchini Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, umezidisha uharibifu kama mara 16. Yale mashimo niliyoyasema, yaliyonilazimu kuvuta jeki kama navuta jahazi nchi kavu, hayakuchimbwa na lori langu.

Fundi Upepo

Dada Shusha Pakia, hesabu yako ni sahihi, ila imalizie. Kanuni ile inaangalia uzito wa kila ekseli, si uzito wa lori zima. Trela la tani 40 lenye ekseli 5 linaweza kuwa na tani 8 kwa wastani kwenye kila moja. Lori fupi la ekseli 2 lililopakiwa kupita kiasi linaweza kubeba zaidi ya hapo kwenye ile ya nyuma peke yake. Nayaona yakiingia hapa karakana, springi zimelala chali, mwenyewe anasema mzigo ulikuwa wa kawaida.

Na kuhusu sheria za Ulaya, hizo saa za kuendesha si zote. Wana sheria nyingine ya mwaka 2002 inayohesabu saa za kazi nzima ya dereva, pamoja na kupakia na kushusha, na inamtaka apumzike kabla saa 6 za kazi hazijapita mfululizo. Kama inafuatwa kila mahali, hilo ni swali jingine.

Mimi siendeshi, natengeneza, na kwa miaka yangu karakana nimejifunza kumjua dereva kabla hajashuka. Lori la mjini linakuja na breki zilizokwisha kabla ya wakati, klachi imeungua, ngazi ya kibanda imelika upande mmoja, na kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi kimeziba. Hicho kichujio kinahitaji moshi upate joto kali kwa muda ili masizi yaungue. Lori linalosimama kila kilomita moja halipati joto hilo kamwe. Dereva wa mjini anakuja kunilaumu kwamba taa imewaka tena, nami namwambia alichukue lori Jumapili aliendeshe barabara kuu kwa nusu saa. Wengine wanadhani nawatania.

La masafa linakuja na injini safi kabisa, imekwenda maelfu ya kilomita bila kulalamika, lakini tairi zimelika vibaya kwa sababu ekseli ya trela haijanyooka na hakuna aliyeiangalia, na valvu za upepo kwenye trela zinavuja. Ni kwa nini trela halitunzwi? Kwa sababu kichwa ni cha mtu mmoja na trela ni la kila mtu. Leo analivuta huyu, kesho yule. Hapo ndipo hujikuta nikimpenda zaidi dereva wa mjini, ambaye lori lake analijua hadi mlio wa bawaba.

Kwa hiyo Msukani yuko sahihi kuhusu malipo, na mimi naongeza kwamba malipo yanaonekana hata kwenye vyuma.

Karani wa Ghala

Nimesoma mahali nilipotajwa nikinywa chai. Nakiri kwamba chai naipenda.

Niseme upande wetu, kwa sababu hakuna aliyeuuliza. Ghala ninalofanyia kazi lina milango 6. Mteja anayetuma mzigo anataka ufike kabla ya asubuhi. Mteja anayepokea anataka aupate asubuhi. Kati ya hao wawili kuna saa 3 ambazo kila lori duniani linataka kuwa mlangoni kwangu. Nikimwambia wa masafa aje saa 4 usiku, anafika saa 9 kwa sababu alipotoka nako walimsubirisha. Nikimpangia saa 9, siku hiyo anafika saa 4 na kuniuliza kwa nini hashushiwi. Marekani wana mazoea ya kuhesabu saa 2 za kwanza za kusubiri kuwa za bure, malipo yakianza baada ya hapo, na hata hapo malipo hayo humfikia mwenye gari kabla ya dereva, kama yanamfikia dereva. Ukitaka kweli yote, ghala linachelewesha kwa sababu kuchelewesha hakuligharimu chochote. Bosi wangu akiniambia niongeze watu wawili wa kushusha usiku, hao wawili wanaonekana kwenye hesabu za mwezi. Madereva 10 waliosubiri saa 4 kila mmoja hawaonekani popote.

Mwaka juzi tulibadilisha utaratibu. Wa masafa akifika, anaacha trela lililojaa uani, anachukua jingine lililo tupu au lililopakiwa, anaondoka. Kushusha tunashusha kwa wakati wetu. Kelele za alfajiri zilipungua sana na yule mlinzi wetu akaanza kusalimiana na watu. Lakini yale matrela yaliyoachwa yalijaza uwanja, na malori ya mjini yakakosa pa kugeuzia. Siku moja dereva wa mjini alipita mgongo wa trela lililoachwa, akaliharibu taa zote za nyuma, na mwenye kulichukua usiku uliofuata hakuzikagua. Alisimamishwa njiani akiwa anavuta mkia wenye giza. Lawama zikaanza upya, safari hii wakilaumiana watu ambao hawajawahi kuonana.

Mkia wa Trela

Ndugu Karani, nakushukuru kwa ukweli. Hiyo ya "hawaonekani popote" ungeiandika ukutani ofisini kwenu. Niongeze kwamba kwa sheria ya Marekani dereva ana saa 11 za kuendesha ndani ya kipindi cha saa 14 tangu aanze kazi, na hizo 14 kwa kawaida hazisimami eti kwa sababu lori limesimama. Ukimweka mlangoni saa 5, hujamcheleweshea saa 5 tu, umemlia zaidi ya theluthi ya hizo saa 14, naye atajaribu kuifidia barabarani. Basi anayemkuta kwenye kona akiwa na haraka ni dada Shusha Pakia, na wote wawili hawajui kwamba haraka hiyo ilitengenezwa na mtu wa tatu.

Suala la kujipenyeza kwenye kona, hata hivyo, sijalisamehe.

Kijana wa Pembeni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni utingo kwenye lori la masafa, nakaribia kupata leseni ya daraja la malori makubwa. Nimepata nafasi mbili: moja ya usambazaji mjini, nyingine niendelee masafa chini ya dereva wangu. Ningeomba ushauri nianze na ipi.

Msukani (mwanzilishi wa uzi)

Marahaba kijana. Nikijibu kwa uzoefu wangu, anza mjini kama magoti yako ni mazima. Sisemi hivyo kwa sababu mjini ni rahisi, bali kwa kuwa ukikosea mjini, mara nyingi unakosea ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 5 kwa saa, na unachovunja ni kioo au ukuta wa mtu. Utajifunza kushuka na kutazama nyuma kabla ya kurudi, jambo ambalo madereva wengi wa masafa, pamoja na mimi wa zamani, huona haya kulifanya mbele ya watu. Ndugu Gia ya Mwisho ana haki kwamba mkono wa trela ni mgumu zaidi. Lakini mkono huo ulinichukua miezi 3 kuupata, na tabia ya kushuka kutazama ilinichukua miaka 10 pamoja na mlango mmoja wa karakana ya mtu ambaye hadi leo hanisalimii.

Kokote utakakokwenda, nunua daftari dogo la mfukoni. Usitegemee mashine ya lori wala karatasi ya ofisi. Ukifika getini, andika saa. Ukipewa mlango, andika saa. Wakianza kushusha au kupakia, andika; wakimaliza, andika; ukikabidhiwa karatasi zako, andika. Ni mistari mitano tu. Kisha mpe karani aweke saini yake chini, kwa heshima, kama jambo la kawaida. Wengi watasaini bila kusoma. Karani wetu wa humu nadhani angesoma, kisha angesaini. Akikataa, andika kwamba amekataa na uandike saa aliyokataa.

Mimi nilianza daftari hilo nikiwa mjini, nikalipeleka ofisini baada ya wiki 6. Msimamizi wangu alikaa nalo siku nzima. Jioni alinirudishia, akaniuliza kama yule wa trela la usiku naye ana lake.